Lager ni Ghala, Kimpumu ni Chungu

Ingia baa yoyote Kyela mjini, agiza chupa, halafu soma lebo. Safari Lager. Kilimanjaro Premium Lager. Serengeti Premium Lager. Wengi tunadhani "lager" ni mbwembwe za jina tu. Kumbe ni Kijerumani, lenye maana ya ghala, kuweka akiba.

Habari yenyewe ni hivi. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, waliamuru bia ipikwe kwa shayiri, maua ya hopsi na maji, basi. Mwaka 1553 wakapiga marufuku kupika bia kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29, maana kwenye joto ilikuwa inaharibika. Wapishi wakawa wanapika miezi ya baridi na kuihifadhi kwenye mahandaki yenye barafu. Humo hamira hufanya kazi polepole na kutuama chini, bia inatoka safi na laini. Hiyo ndiyo lager.

Sasa jiulize, bia inayotaka baridi ingepikwaje pwani ya Ziwa Nyasa? Wajerumani waliingiza meli yao, Hermann von Wissmann, ziwani mwaka 1893, wakajenga kituo cha Langenburg ufukweni kabla ya kuhamia Tukuyu. Baridi hawakuja nayo. Mashine za baridi za Carl von Linde, miaka ya 1870, ndizo zilizoitoa lager mahandakini na kuiwezesha kupikwa hata nchi za joto. Enzi hizo hizo za Mjerumani, Dar es Salaam ikapata kiwanda cha bia cha Wilhelm Schultze.

Lakini Wanyakyusa hawakuwa wakimsubiri Schultze. Walikuwa na kimpumu. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa. Hicho ni kimea, na Mbavaria anafanya vivyo hivyo kwa shayiri yake. Tofauti ni kwamba kimpumu inapenda joto. Inaiva kwa siku chache, watu wanazunguka chungu kimoja, maji ya moto yanaongezwa, kila mmoja na mrija wake.

Kwa maoni yangu jambo lote liko hapo. Lager inakaa, kwa hiyo inafungwa kwenye chupa, inasafirishwa, inatozwa kodi, inatangazwa. Kimpumu haikai, inanyweka pale pale ilipopikwa. Moja ikaitwa bia, nyingine "pombe ya kienyeji", na sisi tuliosoma tukameza hayo majina bila kuuliza, kana kwamba chupa ni ustaarabu na chungu ni ushamba.

Amri ya Bavaria iliandikwa, ndiyo maana leo mimi na wewe tunaijua, miaka zaidi ya 500 baadaye. Mapishi ya kimpumu yamo vichwani mwa bibi zetu kule Kyela na Rungwe. Nani kati yetu ameshakaa na bibi yake akayaandika?