Kuokoa nishati: sheria za barabarani na viwango vya ujenzi

Petroli ikipanda bei tunailaumu serikali, na tokeni za stima zikiisha kabla ya wiki kwisha tunailaumu vilevile. Lakini bei ni upande mmoja wa hesabu. Upande wa pili ni kiasi tunachotumia, na hapo sheria inaweza kutusaidia au kutuumiza. Nitaeleza njia mbili ambazo serikali hutumia, kisha niseme ni ipi naona inatufaa zaidi sisi wa Pwani.

Barabarani

Oktoba 1973, wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao kwenda Marekani. Januari 1974 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kupunguza mwendo katika barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89. Sheria hiyo ililegezwa 1987 na kufutwa 1995.

Sababu yake ni hii: kadiri gari linavyokimbia ndivyo upepo unavyolizuia, na kizuizi hicho hakiongezeki kidogo kidogo. Ukitoka kilomita 80 ukafika 100, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma huongezeka kwa zaidi ya nusu. Nguvu hiyo unaishinda kwa mafuta.

Hapa Kenya, kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa 2004 chini ya waziri John Michuki ziliweka vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Shabaha ilikuwa kuokoa roho za watu, lakini dizeli nayo huokolewa kwenye safari ndefu. Mjini mambo ni tofauti. Kwenye foleni ya Likoni au Changamwe, mafuta huungua na gari halijasogea; hapo dawa ni mpango mzuri wa magari, si kikomo cha mwendo.

Nyumbani

Kanuni za mwaka 2012 za kupasha maji kwa jua zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutokana na jua. Wenye majumba walilalamikia gharama. Mimi naona nia ilikuwa njema, ila Pwani shida yetu kubwa si maji ya moto. Shida yetu ni joto.

Wazee wetu walilijua hilo. Nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli. Leo tunajenga kuta nyembamba, madirisha upande mmoja na bati bila dari. Mchana bati linawaka, usiku ukuta wa saruji unatoa joto ulilolimeza, na feni haizimwi mpaka asubuhi.

Mwenye kujenga hivyo anaokoa pesa mara moja. Mpangaji ndiye anayelipa stima kila mwezi, na hakuulizwa ramani ilipochorwa. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa soko peke yake.

Kanuni mpya za ujenzi za taifa, za 2024, zimechukua nafasi ya zile za 1968. Lakini ramani hupitishwa na kaunti, na huko ndiko tunakopaswa kubisha hodi. Naomba mambo matatu yaangaliwe kabla ya muhuri kupigwa: madirisha ya pande mbili ili kaskazi na kusi zipite ndani, kivuli juu ya kila dirisha linalotazama jua la asubuhi au la jioni, na dari chini ya kila bati. Hakuna hata moja linalohitaji mtambo kutoka ng'ambo, na fundi wa mtaani anayaweza yote.