Skwota: Safari ya Neno katika Mashamba ya Bonde la Ufa

Mara nyingi neno la mkopo huchunguzwa kwa upande wa sauti na umbo lake tu: limepokea irabu gani, limeingia ngeli ipi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno laweza kuhamia lugha nyingine likiwa limebeba hukumu. Mfano wetu ni skwota.

Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuchutama, kilichotokana na Kifaransa cha kale. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Marekani, nomino yake ilianza kutumiwa kumtaja mtu aliyekaa katika ardhi bila hati. Taswira hiyo si ya bure: anayechutama hajaketi; yu tayari kuinuliwa wakati wowote. Hata hivyo, Australia ya karne ya 19 ililipandisha neno hilo cheo, likawa jina la wafugaji matajiri wa kondoo. Ni dhahiri, basi, kwamba maana yake ilifuata mamlaka.

Tuitazame sasa Kikopey, karibu na Gilgil, ambako wasafiri wa leo hushuka kula nyama choma kandokando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa sehemu hizi za Bonde la Ufa na kupelekwa Laikipia. Kwa ule wa 1911, wakaondolewa huko pia. Kikopey, ambayo masetla waliiandika Kekopey, ikawa shamba la mifugo la Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere.

Mashamba ya Bonde la Ufa yalihitaji vibarua. Familia nyingi, hasa za Wakikuyu, zilihamia huko na kupewa mahali pa kulima na kulisha mifugo. Sheria ya 1918 iliwalazimu kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka. Ile ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliwabana zaidi. Hapa ndipo penye kinaya. Mtu aliyekaa kwa mapatano, akailipia ardhi kwa jasho lake, aliitwa kwa jina la mvamizi.

Kiswahili kilifanya nini? Kwa Mzungu, pamoja na kukopa setla, kilichota kutoka hazina yake kitenzi kulowea, kikaunda mlowezi: mtu aliyekuja ugenini na asiondoke. Kwa Mwafrika, kilikubali jina alilopewa na mwajiri wake. Isitoshe, skwota ni neno lililofungika. Msikilizaji wa Kiswahili haoni ndani yake kuchutama, hivyo hana fursa ya kuikataa taswira hiyo. Linganisha na muhoi wa Kikuyu, anayetokana na kitenzi cha kuomba: muhoi aliomba ardhi, akapewa, na uhusiano ukatambulika. Wala wenyeji wa mashamba hawakukosa ubunifu. Katika miaka ya 1920 mifugo yao ilipofagiliwa kutoka mashambani, waliliita tukio hilo kifagio, jina ambalo Tabitha Kanogo amelihifadhi katika utafiti wake wa 1987.

Tofauti hii ina uzito kwa mhakiki. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *Weep Not, Child* (1964), Ngotho ni muhoi katika ardhi ya Jacobo, na ni kibarua wa Howlands katika ardhi ya wazee wake mwenyewe. Mfasiri au mhakiki akimwita skwota pote pawili, atakuwa amefuta mgogoro ambao riwaya imejengwa juu yake.

Suala hili halikuisha na ukoloni. Pwani, Sheria ya Hatimiliki ya 1908 iliwafanya wengi wawe wageni katika makao ya mababu zao, na hadi leo huitwa maskwota. Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo inamweleza skwota kuwa mtu anayekalia ardhi iliyo mali ya mwingine kisheria bila idhini yake. Fasili hiyo inaanza na hati. Haiulizi hati ilipatikanaje. Swali hilo ni la historia, na fasihi imelibeba kwa muda mrefu. Basi mhakiki anapokutana na neno skwota, asilipite kana kwamba ni jina tu la hali ya mtu. Aulize kwanza: ni nani aliyemwita hivyo, na alikuwa amesimama katika ardhi ya nani?