Jua na Hewa Iliyo Juu Sana

Sisi tukaao Lisekese, karibu na milima ya mawe ya Masasi, twalijua jua kwa kuanika mihogo na korosho. Lakini kabla miali yake haijatufikia, imekwisha kufanya kazi nyingine maili 100 na zaidi juu yetu. Hewa ya huko ni haba mno, nayo ikipashwa moto na miali hiyo huvimba na kupanda.

Jambo hili lilipimwa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitalia, wakiongozwa na Bwana Luigi Broglio, walirusha setilaiti San Marco 2 kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa mviringo kama mpira, na ndani yake mizani ya kupima jinsi hewa ilivyoizuia. Hewa ile, isiyotosha pumzi ya mdudu, iliishusha kidogo kidogo, hata 14 Oktoba ikaanguka na kuungua.

Mwaka 1979 Skylab ya Marekani, kubwa kama nyumba, ilianguka mapema kuliko ilivyotazamiwa, kwa kuwa jua lilichafuka kupita wataalamu walivyokisia (wala si ukali ule tuuonao shambani). Vipande vyake viliangukia Australia. Machi 1988 Waitalia walirusha San Marco ya mwisho kutoka jukwaa lile, ichunguze jinsi jua linavyoibadili hewa ya juu. Nayo ikaanguka Desemba.