Pindo, Mji na Jina

Mtaala wa 2023 umewapa watoto wa shule za msingi Tanzania somo la Sanaa na Michezo. Likielezwa popote, neno ubunifu halikosi. Shida ni kwamba ubunifu siku hizi ni kila werevu: mpishi mbunifu, dalali mbunifu, hata mwizi. Mtoto wa darasa la tatu akiambiwa "kuwa mbunifu" hajui penseli aiweke wapi. Usanifu nao umeshikwa na wenye majengo. Ukimtaja msanifu Kariakoo, unamtaja Beda Amuli na soko alilolisanifu, lililofunguliwa 1975. Vijana wakakimbilia neno dizaini, kisha wakalichosha: ukisema "dizaini kama anaringa", mchoro uko wapi hapo? (Na usanii, tusisahau, mitaani ni utapeli.)

Lakini toka Mtaa wa Msimbazi, ingia Uhuru kwenye maduka ya kanga. Istilahi za kumfundishia mtoto zimekaa rafuni. Pindo ni mkanda unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni ule usemi ulio juu ya pindo la chini. Mtoto aliyebebwa kwa kanga hana haja ya kukaririshwa haya.

Mpe karatasi, achore pindo. Atarudia umbo lake vizuri tu mpaka afike kwenye kona, na hapo atakwama: umbo lililokuwa limelala sasa lisimame, au kona ipewe umbo lake? Afute, apime, ajaribu tena. Vitabu vina neno ruwaza kwa marudio kama hayo, neno zuri, ila mimi ningelileta baada ya kona, si kabla.

Mji una mtihani mwingine, kwa kuwa mtoto hupenda kujaza. Aoneshwe kanga yenye korosho moja kubwa katikati na nafasi tupu kuizunguka, aulizwe kwa nini haionekani pungufu.

Jina ndilo gumu kuliko yote. Wengi huanza na herufi kubwa kushoto, wakifika kulia zinabanana kama abiria wa daladala ya jioni. Dawa yake ni hesabu: zihesabiwe herufi pamoja na nafasi za kati ya maneno, itafutwe ya katikati, uandishi uanzie hapo kwenda kulia, kisha urudi kinyumenyume kwenda kushoto. Mwalimu wa hisabati akipita dirishani, aitwe.