Lear, Lawino na Karatasi ya Mtihani

Katikati ya miaka ya 1950, Kenya ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, wavulana wa Alliance High School pale Kikuyu walikuwa wakikariri Shakespeare. Kila mwaka shule iliweka tamthilia yake moja jukwaani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, anazitaja alizozikuta katika kumbukumbu zake, In the House of the Interpreter: As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Ngũgĩ aliporudi nyumbani kwa likizo yake ya kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kwa nguvu kwenye kijiji kipya. Likizo ikaisha, akarudi shuleni kumsoma mfalme mzee aliyegawa ufalme kwa binti zake kisha akakosa pa kulala.

Mkuu wa shule alikuwa Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Mtihani nao ulitoka Cambridge, na majibu yalisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa. Swali lililozoeleka lilikuwa lile ambalo mwanafunzi wa Kiswahili leo analijua kwa jina la dondoo: mistari michache inachomolewa kutoka kwenye tamthilia, mtahiniwa anaeleza nani anasema, anamwambia nani, na kumetokea nini kabla ya hapo. Kwa upande wa ushairi, mtindo ulitokana na kazi ya I. A. Richards, mhadhiri wa Cambridge aliyewapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala tarehe, akawaomba waandike walichokielewa. Matokeo aliyachapisha 1929 katika Practical Criticism. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka msomaji akabiliane na maneno yenyewe, asijifiche nyuma ya sifa za mshairi. Lakini shairi lisilo na mtunzi, wakati wala mahali likawa ndilo shairi la kawaida la chumba cha mtihani, kutoka London hadi Kisumu.

Kuna jambo ambalo wanaosimulia historia hii huliruka upesi. Wavulana wa Alliance hawakumjua Shakespeare kwa dondoo peke yake. Walimjua pia kwa koo na miguu, kwa mazoezi ya jioni, kwa kusahau maneno mbele ya wenzao na kuyakumbuka tena. Darasa la Kiingereza lilikuwa na maisha mawili, moja jukwaani na jingine kwenye karatasi. Tangu hapo vitabu vimebadilishwa mara nyingi, tena kwa mapambano makali. Karatasi imebaki na nguvu zake.

Walimu wa kwanza Waafrika wa somo hili walipitia Makerere, chuo kilichofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ambako fasihi ilimaanisha fasihi ya Uingereza. Hata hivyo ni katika idara hiyohiyo ya Kiingereza ambapo jarida la wanafunzi, Penpoint, lilianza 1958 na kuchapa kazi za vijana waliokuja kuwa majina makubwa. Miaka michache baadaye kundi la maigizo la chuo, likiongozwa na mhadhiri David Cook, lilipakia vifaa vyake garini na kuzunguka mijini na vijijini likiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwemo.

Mwaka 1966 East African Publishing House ya Nairobi ikatoa shairi refu, Song of Lawino. Mtunzi wake, Okot p'Bitek, aliwahi kuwa mwalimu wa shule huko Gulu na mchezaji wa timu ya taifa ya soka ya Uganda, aliyefika Uingereza na timu hiyo 1956 akabaki kusoma. Alilitunga kwanza kwa Kiacholi. Ndani yake mke anamlalamikia mumewe, Ocol, msomi anayedharau ngoma, chakula na nywele za kwao. Mwalimu aliyezoea kuhesabu vina na kutaja aina za mizani alijikuta mikono mitupu mbele ya kitabu hiki. Nguvu yake inatoka kwenye nyimbo za Kiacholi: takriri, matusi ya hadharani, rai inayoelekezwa kwa ukoo mzima ukiwa umeketi unasikiliza. Ili kulifundisha, ilibidi mwalimu ajue jinsi wimbo wa dhihaka unavyoimbwa na nani ana haki ya kuuimba. Chuoni hakuwa amefunzwa hayo.

Miaka miwili baadaye mzozo ukafika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliwasilisha waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakuomba nafasi ya vitabu viwili vitatu vya Kiafrika kando ya Chaucer na Milton. Walihoji kwa nini Uingereza iwe kitovu na Afrika iwe kiambatisho, wakataka mpango ugeuzwe: Afrika katikati, na fasihi za wengine zisomwe kutokea hapo. Katika waraka huo fasihi simulizi ilipewa uzito wa pekee. Methali, hadithi, wimbo na tambiko vilielezwa kuwa sanaa iliyo hai inayopaswa kufundishwa, wala si mabaki ya zamani. Idara mpya ya Fasihi ikazaliwa, na 1973 Ngũgĩ akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza.

Chuo kikuu ni chumba kidogo, na shule za sekondari zilikuwa bado zinasoma vilevile. Ndiyo maana kongamano la Septemba 1974 katika Nairobi School linastahili kukumbukwa kuliko waraka wenyewe, ingawa halitajwi sana. Walimu takriban 200 wa fasihi na Kiingereza walikutana na wahadhiri, wakaguzi wa Wizara ya Elimu na wachapishaji. Eddah Gachukia alikuwa miongoni mwa walioliongoza, na S. K. Akivaga miongoni mwa waandalizi. Waliipitia orodha ya vitabu vya mtihani kimoja baada ya kingine, wakapendekeza silabasi inayoanzia Kenya na Afrika Mashariki, kisha bara zima, kisha Waafrika walioko ughaibuni, halafu ulimwengu mwingine. Na kama Taban alivyowahi kuwatuma wanafunzi wake wa chuo kukusanya hadithi na vitendawili makwao, walitaka mwanafunzi wa sekondari naye aende kwa bibi yake na daftari.

Mapendekezo hayo hayakuishia kwenye makabati. Mwaka 1982 Akivaga pamoja na Asenath Bole Odaga walichapisha kitabu cha fasihi simulizi kwa ajili ya watahiniwa wa sekondari, na mwaka uliofuata Jane Nandwa na Austin Bukenya wakatoa chao.

Tanzania ilipita njia yake. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya siasa, aliitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili na kuichapisha 1963 akiwa rais, akaja kuirekebisha kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Wakati wenzao Nairobi wakijadili namna ya kumwondoa Shakespeare kwenye kiti cha mbele, Mwalimu alikuwa akimfundisha Kiswahili.

Tamthilia ndiyo iliyofaidi zaidi kutokana na mageuzi ya Kenya. Oktoba 1976 The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Micere Githae Mugo, ilipewa siku chache katika jumba la maonyesho la taifa. Usiku wa kwanza waigizaji walimaliza kwa wimbo wakipita katikati ya ukumbi, watazamaji wakainuka na kujiunga nao, ngoma ikatoka hadi nje. Pamoja nayo iliigizwa Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ambayo baadaye ikawa kitabu teule cha mtihani na kusomwa na vizazi vya vidato vya tatu na nne.

Ukitaka kuona tofauti ya jukwaa na karatasi, itazame tamthilia hiyo ya Imbuga. Nchi yake inaitwa Kafira, na mwanafunzi anayezipanga upya herufi hizo anapata Afrika. Furaha ya ugunduzi huo inatosha kuliamsha darasa zima saa nane mchana. Lakini ufunguo wa kazi yote uko mwishoni, pale wafungwa wanapofanya mazoezi ya igizo la kumburudisha mgeni wa heshima mbele ya mtawala, na bunduki iliyoletwa kama kifaa cha maigizo inageuka silaha ya kweli mkononi mwa Jusper, mmoja wa waigizaji. Ukisoma kimya, unaipita sentensi moja tu. Darasa likisukuma madawati kando, mmoja akashika rula badala ya bunduki na mwingine akaketi kama mtawala, kila mtu anapata swali la kweli la uhakiki: mchezo uliisha lini, na nani kati ya waliomo chumbani amelitambua hilo? Mwongozo wa kununuliwa mjini, wenye dhamira tano na sifa nne za kila mhusika, haumfikishi mwanafunzi kwenye swali hilo.

Hata hivyo mwongozo ndio unaonunuliwa, na sababu yake iko wazi. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, fasihi na lugha viliwekwa katika somo moja la Kiingereza, na muda wa kipindi ukabanwa. Karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, inatenga alama 25 kwa dondoo la kitabu teule na 20 kwa shairi au hadithi simulizi. Cambridge imeondoka, swali lake limebaki. La kusikitisha zaidi ni karatasi ya kwanza, ambapo alama 30 kati ya 60 ni za stadi za mazungumzo, na zote hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anapewa shairi fupi na kuulizwa angeughani vipi mshororo wa mwisho. Anaandika kwamba angepandisha sauti, kwa sababu kuna mshangao. Anapata alama mbili. Hakuna aliyeisikia sauti hiyo. Fasihi simulizi iliyopiganiwa 1968 kwa sababu inaishi mdomoni ilikubaliwa shuleni kwa sharti la kunyamaza.

Sauti ilipata makao kwingine. Tamasha la kitaifa la maigizo ya shule, lililoanza 1959 likitawaliwa na tamthilia za Kiingereza za walowezi, liligeuka kuwa uwanja wa wanafunzi wenyewe, wenye mashairi yanayoghaniwa na kundi zima, ngoma bunifu na michezo iliyotungwa mwaka huohuo. Uzito wake unaonekana serikali inapoliogopa. Mwaka 2013 igizo la Butere Girls, Shackles of Doom, lilipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika Nakuru na Echoes of War, tena kwa amri ya mahakama. Polisi waliwatawanya watu kwa gesi ya machozi, mwandishi wake, aliyekuwa seneta Cleophas Malala, akazuiwa kuwafikia, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Wengi wao, wakirudi darasani, walikuwa na dondoo la kujibu.

Sasa mtaala mwingine unaingia. Katika shule ya upili ya juu iliyopokea darasa la 10 Januari 2026, Kiingereza ni lazima kwa wote, Fasihi ya Kiingereza imetengwa tena kuwa somo la kuchagua, na maigizo na filamu yamepata somo lao chini ya mkondo wa sanaa na michezo. Atakayechagua sayansi huenda asisimame tena mbele ya wenzake na mistari ya mtu mwingine mdomoni. Kwa wale watakaochagua fasihi, kazi iliyobaki mezani kwa watahini ni ileile ambayo kongamano la 1974 halikuimaliza: kumpa mtahini nafasi ya kumsikiliza mwanafunzi akighani, na kumpa alama kwa alichokisikia.