Kamusi Elezo na Kalamu ya Mwanafunzi Wetu

Mwanafunzi kutoka Mbagala au Tandale anapoingia chuo kikuu, hukutana mapema na kozi ya stadi za mawasiliano. Hufundishwa kunukuu, kufupisha, kutaja chanzo na kujenga hoja. Yote hayo hufanyika kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa miaka saba ya shule ya msingi ya serikali aliisoma kama somo tu. Akiwasilisha insha iliyonakiliwa, tunamwita mvivu. Historia inatudai swali jingine: ni lini tulimpa nafasi ya kujifunza uandishi wa kitaaluma katika lugha anayofikiri kwayo?

Nafasi hiyo ilikaribia kupatikana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Badala yake ukaja mradi wa kuimarisha Kiingereza shuleni kwa msaada wa Uingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikifungulia tena Kiswahili mlango, lakini madarasa ya sekondari hayakubadilika. Na wakati wote huo Idara ya Kiswahili ya Mlimani, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilikuwa ikifundisha na kutahini kwa Kiswahili bila elimu kuporomoka.

Wakati sera zikisuasua, uwanja mwingine wa kuandikia ulifunguka. Wikipedia ilianza mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili mwaka 2003, likijiita kamusi elezo huru. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, waandike makala za Kiswahili na kushindania zawadi, zikiwamo kompyuta. Makala zilimiminika. Zawadi zilipokwisha kutolewa, waandishi wengi walitoweka. Shindano lilinunua makala, halikujenga waandishi. Kazi ya kujenga waandishi ni ya darasa, na vyuo vingi duniani vimekwisha kuifanya kazi ya kamusi elezo kuwa sehemu ya kozi.

Thamani yake kwa mwalimu imo katika kanuni tatu za kamusi hiyo: kila dai liwe na chanzo kinachoweza kuhakikiwa, mwandishi asiegemee upande, asitoe utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa kwingine. Hayo ndiyo tunayohangaika kuyafundisha ubaoni. Tofauti ni kwamba insha ya darasani husomwa na mtu mmoja kisha ikafungiwa kabatini, ilhali makala ya kamusi elezo husomwa na yeyote, na mtu asiyemjua mwandishi aweza kuifuta sentensi isiyo na ushahidi. Mwanafunzi hujifunza kutaja chanzo kwa sababu yupo msomaji anayekidai.

Zitazameni makala za kata za Dar es Salaam. Nyingi zina jina la kata, wilaya yake na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, basi. Hazisemi kwamba Temeke na Magomeni zilipanuliwa na serikali ya kikoloni kuwa makazi ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, wala kwamba katika miaka ya 1970 Manzese iliboreshwa na viwanja vya Sinza vikapimwa katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Habari hizo zimeandikwa, lakini sehemu kubwa imo katika tasnifu na ripoti za Kiingereza ambazo mkazi wa Manzese hatazisoma.

Hapo ndipo zoezi linapokuwa na maana. Mwanafunzi asome tasnifu ya Kiingereza, aielewe, kisha aieleze kwa Kiswahili sanifu na kutaja ukurasa alikoitoa habari. Kunakili hakuwezekani, kwa kuwa lugha ni tofauti. Na akitafsiri neno kwa neno, wasomaji wa Kiswahili watambaini mara moja. Kiingereza chake kinakua kwa kusoma, hoja yake inakua kwa kuandika.

Ipo kasoro isiyopaswa kufichwa. Mzee wa Tandika anayekumbuka mashamba yalivyogeuka mitaa hakubaliki kuwa chanzo, kwa sababu maneno yake hayajachapishwa. Kamusi elezo yaweza hivyo kurudia upendeleo wa kumbukumbu za wakoloni. Dawa ni idara za historia kuwahoji wazee, kuyahifadhi masimulizi na kuyachapisha kwa Kiswahili, ili yapate kunukuliwa.

Chuo Kikuu Huria chenye makao yake Kinondoni, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopo Chang'ombe, Temeke, vinasomesha walimu wa kesho. Vianze huko: muhula mmoja, kila mwanafunzi kata moja, na alama zitolewe kwa vyanzo wala si kwa urefu. Hakuna tume inayohitajika kuidhinisha hilo. Anahitajika mhadhiri aliye tayari kusahihisha kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ukali uleule anaoutumia kwa Kiingereza.