Amri na Kipanya katika Kupanga Chapa ya Kiswahili

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, eneo la Rubondo lina Wakongo na Warundi wengi ambao Kiswahili huwaunganisha. Mwalimu wa huko akitaka kitabu cha mazoezi kipigwe chapa Mbarara, hukabiliwa na swali la kale: nani ataamua neno likatwe wapi mwishoni mwa mstari?

Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliwafundisha vijana wa misheni kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa mpangaji, na sikio lake ndilo lililomwongoza.

Kompyuta ziligeuza mambo. Mwaka 1977 Donald Knuth wa Marekani, aliyechukizwa na chapa mbovu ya kitabu chake, alianza kutunga TeX, programu inayoendeshwa kwa amri zilizoandikwa. Mwaka 1985 ikaja PageMaker ya kampuni ya Aldus: ukurasa huonekana kwenye skrini, na maandishi husogezwa kwa kipanya. Hapana shaka kipanya kilishinda kwa wepesi. TeX humtesa mwanafunzi. Mabano yasipofungwa, kazi hukwama.

Lakini yafaa tutazame silabi. Zetu aghalabu huishia kwa irabu: husemwa ng'o-mbe, wala si ng'om-be, na sh, ny, dh hazitenganiki. Kanuni za kukata maneno alizozitunga Frank Liang, mwanafunzi wa Knuth, mwaka 1983, zilitokana na kamusi ya Kiingereza. Kiswahili kikiwekwa chini yake huharibika, iwe kwa amri au kwa kipanya. Tofauti ni kwamba katika TeX kanuni ni maandishi matupu. Mwalimu aweza kuandika zake na kumpa mwenziwe. Katika programu za kipanya, fundi huchagua lugha katika orodha aliyopewa. Kiswahili kisipokuwamo, hutia vistari kwa mkono, na maandishi yakisogea hukuta "wana-funzi" katikati ya mstari. Fundi wa Mbarara, ambaye Kinyankole chake nacho hupenda kuishia kwa irabu, angekata vema kama mashine ingemwuliza.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliazimia Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kabla ya vitabu hivyo kupelekwa chapani, tungependa walimu waandike kanuni za silabi na kuzikabidhi kwa mafundi pamoja na muswada.